Asiyechagua Huchaguliwa

Basi litokalo Moshi kwenda Arusha hupita Bomang'ombe, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Sanya Juu. Abiria mgeni aendaye Sanya Juu, akinyamaza kitini mwake, hupitilizwa. Hakutenda kosa, amenyamaza tu. Konda apazaye sauti kabla ya kituo hamnyang'anyi mtu uhuru wake.

Suala hili la kale, la haki ya mwenye kunyamaza, limezuka upya katika Git, programu itunzayo kila toleo la kazi ya waunda programu. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya watunzaji wa Linux, watu mahodari, kila mmoja na matawi yake ya kazi. Ndiyo maana amri ya kupeleka kazi kwenye hazina ya pamoja, isipofafanuliwa, ilipeleka matawi yote yaliyolingana majina na ya huko. Fundi aliyekwisha kuyapanga yote alifurahi. Mwanagenzi aliyekusudia tawi moja aliweza kupeleka na lile aliloliacha nusu. Na kama alitumia amri ya kulazimisha, kazi ya mwenziwe ilifunikwa.

Huweza kujibiwa kwamba mpangilio hubadilishwa kwa mstari mmoja, basi na ajifunze. Jibu hilo lina ukweli, na kiburi pia. Atafutaye kitasa ni yule ajuaye kuwa pana mlango. Mwanagenzi auonapo ukuta mtupu, uhuru wake ni wa jina.

Hata hivyo wakongwe nao walikuwa na haki. Mazoea yao yalijengwa juu ya ahadi ya chombo, na kuigeuza kimyakimya kungekuwa kuwatenda wao lile lile limsibulo mgeni. (Wapenda mageuzi husahau upande huu.) Watunzaji wa Git wakafuata njia ya konda: matoleo ya kabla yalitoa onyo, kisha toleo la 2.0, mwaka 2014, likaagiza lipelekwe tawi linaloshughulikiwa tu. Atakaye desturi ya zamani huirejesha kwa mstari ule ule mmoja.

Wakati huo baadhi ya tafsiri za Git zilikwisha kuwapo, Kivietnamu na Kiswidi zikiwamo. Kiswahili hakikuwamo. Kwa mwanagenzi wa Bomang'ombe asiyejua Kiingereza, konda alipaza sauti kweli, lakini kwa lugha ya abiria wengine.