Sheria Inayotajwa Katikati ya Bao

Barabara ya kutoka Arusha kwenda Namanga hupitisha watu wa kila namna hapa Oldonyo Sambu, nao huja na michezo yao. Wamaasai wana enkeshui yao ya safu mbili. Watu wa pwani wana bao la safu nne, mashimo 32 na kete 64. Wenye michezo mbalimbali hawagombani, maana kila mmoja ajua kwamba hajui. Ugomvi ni wa wale wanaodhani kwamba wanacheza mchezo mmoja.

Chukueni sheria ya takasia. Mchezo ukiisha kuingia mtaji, mchezaji akikosa pa kula hutakata, yaani huzisogeza kete zake bila kula za mwenzake. Ikiwa kwa kutakata huko amelitisha shimo moja tu la mwenzake, na mwenzake naye hana pa kula, basi shimo lile limetakasiwa: mwenyewe hana ruhusa kuziondoa kete zake zipate kupona, isipokuwa likiwa nyumba, na katika hali nyingine chache. Mafundi wa Unguja waijua vema. Lakini wako waliojifunza bao huku bara, chini ya mti, wasiisikie kamwe.

Tuseme mmoja aijua, wa pili haijui. Yule ajuaye anyamaza tangu mwanzo, hata saa ile shimo la mwenzake limo hatarini, ndipo anyoshe mkono na kusema, "Huliondoi, limetakasiwa." Wazee waulizwa, nao wajibu kweli: ndivyo sheria ilivyo. Je, ameshinda kwa haki?

Mimi nasema hakushinda kwa haki, ingawa wazee ni mashahidi wake. Wao waliulizwa kama sheria iko. Hawakuulizwa kama hawa wawili walipatana kuifuata. Wala vitabu havilimalizi neno hili. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alichapisha kitabu juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, na leo sheria zapatikana kwa maandishi; lakini mwenye kitabu aweza kunyamaza sawasawa na mwenye kumbukumbu.

Mkumbukeni Labani. Yakobo alimtumikia miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea; alipolalamika, ndipo Labani alipoitaja desturi ya kwao, ya kutomwoza mdogo kabla ya mkubwa. Hatusomi kwamba desturi ile ilikuwa ya uongo. Yaelekea ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimfaa sana. Uongo Yakobo angaliweza kuukanusha.

Mtu atasema, "Je, nimfundishe mshindani wangu?" La. Hila ni kitu kimoja, na sheria ni kingine. Mtego uliouwaza ni wako. Mwenzako ajua kwamba unao, naye ana wake. Bali sheria ni ya wote wawili, na asiyeijua hajui hata kwamba liko jambo la kuuliza. Kwa hiyo hasara na imwangukie ajuaye: shimo liondolewe, na takasia ianze bao lijalo. Ni uchungu, hasa kama alinyamaza kwa kudhani tu kwamba wote wajua. Lakini ni nani mwingine aliyeweza kusema?

Wala msidhani ni neno la kete tu. Mgeni hukodi shamba, akapanda mahindi, akavuna. Ndipo mwenye shamba amwambie kwamba mabua ni yake kwa desturi ya hapa, na ng'ombe wake wamekwisha kuingia. Labda desturi hiyo ni ya kweli kabisa. Wazee wakiitwa, na waulize kwanza ilitajwa siku gani.