Mizani Iliyotulia

Wasomaji wetu, twauliza: je, utulivu ni dalili ya haki? Wengi hujibu upesi kwamba ndivyo. Nyumba isiyo na ugomvi husifiwa, na mji usio na mashauri huitwa mji mwema. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja, wakati wa mavuno ya karafuu hapa Wawi, tukamwona bibi mmoja amesimama mbele ya mizani ya mchuuzi. Vitanga vilikuwa sawasawa. Mchuuzi akamwambia, "Bibi, huoni imetulia?" Akajibu, "Naiona, mwanangu. Sasa geuza. Karafuu zangu ziweke huku, na mawe yako kule."

Watu hudhani kwamba kitu kikitulia hakuna nguvu ikivutayo. Sivyo. Dunia yavivuta vitanga vyote viwili, wala haipumziki; mtange, yaani ule mti wa mizani, watulia kwa kuwa mvuto wa upande huu wazuiwa na mvuto wa upande wa pili. Lakini uzito si kitu pekee cha kuhesabiwa. Archimedes, mtaalamu wa kale wa Kiyunani, alionyesha kwamba yapasa kuhesabu pia urefu wa mkono uliotungikwa uzito huo. Basi mkono mmoja ukiwa na sentimita 20 na wa pili 22, kilo 11 za karafuu katika mkono mfupi zitatulia kwa mawe ya kilo 10 tu. Kilo nzima imepotea, na mtange umenyoka! Tena fundi mwerevu huongeza uzito kidogo katika kitanga cha mkono mfupi, hata mizani ikiwa tupu isionekane kuwa na ila. Lakini geuza mzigo, na karafuu zile zile zitataka mawe ya kilo 12 na gramu 100.

Uko na utulivu mwingine, wa mtange ulioshikwa kwa kidole. Mizani huru huinama kwa uzito mdogo. Iliyoshikwa haitikisiki hata ukiitwika gunia. Kisiwa chetu chaujua utulivu huo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba ikasalimika, na mashamba ya huku yakazidi thamani. Walioyachuma wengi wao walikuwa watumwa, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipouondoa utumwa katika sheria. Mgeni aliyepita mashambani asubuhi pengine alisikia ndege tu, akasema, hapa pana amani.

Nasi leo? Mwenye shamba husema, "Wachumaji wangu hawajalalamika." Mchumaji hupanda juu sana, na tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, akishuka apimiwa pishi zake, apokea ujira, anyamaza. Hanyamazi kwa kuwa ameridhika. Msimu ni mfupi, na nyumbani wamngoja. Ukitaka kujua kama ujira ule ni sawa, usiuchunguze unyamavu wake. Mwulize mwenye shamba kama yeye mwenyewe angepanda kwa kiasi kile. Na sisi walimu tusijitoe katika hesabu hii, maana twapenda mno darasa lililo kimya, na fimbo iko mezani.

Yule mchuuzi alicheka, akatazama watu waliosimama nyuma, akageuza. Kitanga cha karafuu kikashuka mpaka chini. Mtu mmoja akaleta uzi, akapima mtange toka katikati hata ncha, kwanza huku, kisha kule. Upande mmoja ulizidi kwa upana wa kidole. Ndipo waliokuwa wamemwuzia tangu mwanzo wa msimu wakaanza kupiga kelele. Mzee mmoja akamkemea yule bibi kwa kuharibu utulivu wa mji. Yeye alikuwa amekwisha inama, akizirudisha karafuu zake katika pakacha.