Pango Ndani ya Kioo

Nina samaki watatu wa jamii ya Trimma, gobi wadogo wa mapangoni wasiofikia urefu wa kidole changu cha mwisho. Baharini hukaa chini ya miamba ya matumbawe, mara nyingine tumbo likielekea dari ya pango, wakidaka vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Kwenye tangi langu nimewapangia mawe yenye mashimo, chumvi naipima, joto halipiti nyuzi 26. Wanakula, wanaishi. Ila siku nyingi siwaoni.

Siku moja uvumilivu uliniisha, nikainua jiwe nihakikishe kama wapo. Mmoja alichomoka hadi kwenye kona ya kioo, akaganda pale, mashavu yakipanda na kushuka upesi upesi. Nilikuwa nikitafuta usalama wake, kumbe hatari pekee iliyomo humo ni mkono wangu.

Tangu hapo najiuliza: nilinunua samaki, au nilinunua haki ya kumtazama? Kama nampenda, basi pango lenye giza linapaswa kunifurahisha.

Sijidanganyi kwamba pango hilo ni uhuru. Wengi wao huvuliwa baharini, na kuwarudisha si toba: wanaweza kupeleka maradhi ya tangini kwenye miamba. Nilichochukua hakirudishiki. Kilichobaki ni kutunza bila kudai kuonyeshwa. Kwa hiyo naweka chakula, nasogea mbali na kioo. Nikirudi, chakula hakipo.