Geita ya 1958 na Wanaotuambia Tutulie

Hivi karibuni, katika mkutano wa wachimbaji wadogo upande wa Geita, kiongozi mmoja alisimama mbele ya watu walioondolewa kwenye maduara, mashimo waliyoyachimba kwa mikono yao. Eneo lilikuwa limekwenda kwa mwenye leseni. Aliwaambia watulie. Sababu aliyoitoa ndiyo inayonisumbua mpaka leo: nchi hii ilipata uhuru kwa amani, bila mtu kurusha hata jiwe, kwa hiyo anayepaza sauti leo anauharibu urithi wa wazee. Baadhi ya watu wakapiga makofi.

Anayepaza sauti si lazima awe mwanamapinduzi: tofauti ya mageuzi na mapinduzi inajulikana. Mwenye mageuzi huutaka utawala ujirekebishe, mwenye mapinduzi hushika silaha ili auondoe. Maana hizo zinatosha. Ninayegombana naye ni yule kiongozi, kwa sababu hayuko peke yake. Hoja yake naisikia redioni, majukwaani, hata msibani: Tanganyika ilichagua njia ya amani, na njia ya amani ni kusubiri.

Nani alisubiri? Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliiwekea Geita baraza la wilaya la mseto, ambamo Waafrika wangekaa na wawakilishi wa Wazungu na Waasia, ingawa hao wilayani walikuwa wachache mno. Wakulima wa Geita walilikataa. Hawakuwa na chama cha kuwasemea kwa uhuru, maana matawi ya TANU yalikuwa yamepigwa marufuku Usukumani tangu 1954. Walikusanyika kwa maelfu bila kibali cha mtu. Walipoambiwa watawanyike hawakutawanyika, wakapigwa mabomu ya machozi. Kisha mamia wakavuka kwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi mjini wakingoja majibu, na huko nako polisi wakawafuata na mabomu yaleyale. Wapo waliofungwa. Mwishowe baraza lile likaachwa.

Hao ndio wazee wa amani. Hawakushika bunduki, lakini pia hawakutii. Mtu akiniambia kwamba walirithisha utii, namuuliza: walimtii nani? Mkuu wa wilaya aliyewaambia warudi nyumbani? Machifu waliolipwa mshahara na serikali ili wawatulize? Kama wangetulia kama tunavyotakiwa kutulia sisi, baraza la mseto lingekaa, na leo tungesimuliwa kwamba Wasukuma waliridhika nalo.

Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alisimama mahakamani Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika gazeti la chama chake, TANU. Alihukumiwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, akalipa.  Sasa mtu aliyehukumiwa kwa kuwasema wakubwa anatumiwa kuwafunga mdomo wanaowasema wakubwa. Huo ni wizi, nami siuiti kwa jina lingine.

Watu watanitajia Tabora. Januari 1958 TANU ilikutana huko ikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu alichukizwa, akatoka na kuanzisha chama chake. Tunauita Uamuzi wa Busara, nami nakubali ulikuwa wa busara. Lakini tazama ulivyofikiwa: kwa siku za ubishi mkali, watu wakikabiliana uso kwa uso. Na miezi michache baadaye Geita ikakataa baraza la mseto ingawa chama kilikuwa kimekubali kura ya mseto. Wa Tabora waliingia kwa mlango mbovu ili waubomoe kwa ndani, wa Geita waligoma kizingitini. Njia zote mbili zilikuwa za amani, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kunyamaza.

Niseme kidogo kuhusu mizani, kwa sababu naamini uhuru wa kanda hii ulianzia hapo. Wakulima wa pamba wa Usukumani walikuwa wakipunjwa kilo na wanunuzi. Kabla ya hotuba yoyote ya siasa, walianza kuwaweka vijana wanaojua kusoma wasimame pembeni ya mizani na kuhakiki uzito. Kutokana na kazi hiyo ndogo vikazaliwa vyama vya msingi, kisha mwaka 1955 muungano wa Victoria Federation ulioongozwa na Paul Bomani, uliokuja kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mkulima aliyeiona kilo yake ikirudi alijua kwamba dhuluma ina kipimo na kwamba inaweza kupingwa hadharani. Bomani akawa waziri wa fedha wa nchi huru. Kisha mwaka 1976 nchi hiyohiyo huru ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri, na wakulima waliomshinda mnunuzi wakajikuta hawana pa kusimama mbele ya serikali yao. Jambo hilo linaniuma kuliko mambo mengi ya ukoloni.

Zipo hoja za haki dhidi yangu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na walowezi wake walikuwa wachache, na hilo ni kweli. Huenda pia Waingereza walilegea kwetu kwa kuwa Mau Mau walikuwa wamewachosha Kenya. Sababu hizo zinaeleza kwa nini amani ilifaulu, hazisemi kwamba wazee walinyamaza.

Na silaha je? Majimaji ya 1905 hadi 1907 iliisha kwa Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi hutaja vifo zaidi ya 200,000. Waliounda TANU waliijua bei hiyo. Lakini ni wao hao walioikaribisha FRELIMO ya Msumbiji Dar es Salaam mwaka 1962, na mwaka 1969 wakaweka saini Azimio la Lusaka: kuzungumza ni bora kuliko kuua, ila mlango wa mazungumzo ukifungwa, wanaopigana wataungwa mkono. Amani kwao ilikuwa njia ya kufuatwa inapopitika.

Nani basi anaamua kwamba haipitiki tena? Hapo sina jibu. Hata mifano ya mbali hainisaidii. Ufilipino, mwanamageuzi José Rizal aliyapinga maasi, na bado Wahispania walimpiga risasi Desemba 1896. Andrés Bonifacio aliyeanzisha maasi aliuawa mwaka uliofuata na wanamapinduzi wenzake. Hakuna njia iliyowakinga.

Karibu zaidi na sisi, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni ya mgodi. Malalamiko yalifikishwa hadi kwa msuluhishi wa Kundi la Benki ya Dunia mwaka 2002, naye akasema hakuona ushahidi wa kuyathibitisha. Watu walifuata milango yote iliyokuwepo. Siwezi kumwambia mmoja wao achukue panga, kwa sababu najua ni nani atakayezikwa kwanza. Siwezi pia kumwambia atulie. Nikiwa mkweli, kati ya mambo hayo mawili sijui namna ya kumshauri, ila kwamba arudi kwenye mkutano na aendelee kukataa mbele ya watu, na atakayemwambia kwamba wazee hawakufanya hivyo, amwambie ni uongo.