NYUNGU YA WANA WA MANABII

Mafundisho ya wakati wa baridi
Fungu la kusoma: 2 Wafalme 4:38-41



Baridi imefika tena. Ninyi mnaokaa hapa Katoto hamuhitaji kuelezwa. Asubuhi wamama wanakwenda maji wakiwa wamejifunika vitenge mpaka kichwani, mafuta ya mawese yanagandamana ndani ya chupa, makala yamepanda bei, na mboga za lupango zimekauka. Mji wetu wa Kamina uko juu, zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, na ndiyo sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inapenya mpaka mifupani. Ni wakati ambapo tumbo linadai zaidi na mfuko hauna kitu. Wengi tumewasikia wakisema: "Tutakula bukari na chumvi, mengine Mungu anajua." Tumeona vema tuzungumze juu ya neno hilo, kwa sababu Mungu anajua kweli, lakini sisi pia anataka tujue.

Someni fungu letu polepole. Elisha alifika Gilgali wakati wa njaa. Wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake, akaagiza nyungu kubwa itelekwe. Mmoja akatoka kwenda kutafuta mboga porini, akakuta mtango-mwitu, akajaza nguo yake, akarudi akakatakata ndani ya nyungu. Walipoonja walipiga kelele kwamba ndani yake mna kifo. Elisha akaomba unga, akautia, na watu wakala bila kudhurika.

Tazameni mambo matatu. La kwanza, hawa walikuwa wana wa manabii, si wapagani. Njaa haikuwapita kwa sababu ya utumishi wao, na kanzu nyeupe haiwezi kutupitishia yetu. La pili, yule aliyeleta sumu hakuwa mchawi. Alikuwa ndugu yao, aliyetoka kwenye baridi na jua kuwatafutia chakula. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakujua alichochuma. La tatu, Elisha hakuuliza, "Nani anataka kutuua?" Aliomba unga.

Ndugu, hapo ndipo sisi mashemasi tunapaswa kuungama mbele yenu.

Mwaka uliopita, mwezi wa saba, dada mmoja wa kusanyiko letu alituletea mtoto wake wa miaka miwili. Miguu ilikuwa imevimba, uso umejaa, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama nyuzi. Mtoto hakucheza wala hakutaka kula. Mama alikuwa na mimba nyingine na alikuwa amemwachisha ziwa. Mmoja kati yetu alisema ameona katika ndoto mwanamke mzee amesimama mlangoni. Hatukupima ndoto ile, ijapokuwa Maandiko yanatuagiza kupima kila kitu. Tukampangia yule mama siku tatu za kufunga, pamoja na mimba yake. Na macho ya watu wote yakamgeukia nkambo wa mtoto, mama ya baba, mjane. Akafukuzwa katika lupango akaenda kulala kwa jirani, wakati wa baridi hii tunayoijua.

Siku ya nne mama mmoja wa kanisa, asiye na cheo chochote, alimbeba mtoto mgongoni akampeleka hospitali. Munganga alimtazama, akapima mkono wake kwa utepe wa rangi, akauliza swali moja tu: "Anakula nini?" Jibu lilikuwa: bukari na mchuzi wa chumvi. Mwezi mzima. Nkambo hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya nyungu, na sisi tulikuwa tumelitafuta kila mahali isipokuwa humo.

Ugonjwa ule unaitwa kwashiakoo. Jina limetoka kwa watu wa kabila la Waga, nchini Ghana, na munganga mwanamke Cicely Williams aliliandika mwaka wa 1935. Kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto anayepatwa wakati mdogo wake anapozaliwa, kwa sababu ziwa limekwenda kwa mwingine na yeye amebaki na chakula kisichojenga mwili. Waga walikuwa wameona vizuri. Jina lenyewe linaonyesha chanzo, wala halimtaji mzee yeyote.

Si ugonjwa huo peke yake unaotudanganya. Kule Kwango, magharibi ya nchi yetu, munganga Trolli aliandika mwaka wa 1938 juu ya ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anakuwa mzima, kisha kwa ghafula miguu yake inakakamaa, wala hairudi tena kama zamani. Unawashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Nani kati yetu asingesema ni uchawi? Lakini waliouchunguza walikuta unatoka kwa mihogo michungu ambayo haikulowekwa siku za kutosha, katika nyumba zisizo na samaki wala maharagi, na zaidi wakati wa kiangazi. Huko Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, wachuuzi walitaka mihogo upesi, na watu wakapunguza siku za kuloweka. Walipata feza, wakapoteza miguu.

Tena mwaka wa 1990 nchini Malawi, kati ya wakimbizi waliotoka Msumbiji, watu zaidi ya 18,000 walishikwa na pelagra. Ngozi inakuwa nyeusi na kubabuka mahali jua linapopiga, tumbo linaharisha, na akili inaweza kuvurugika. Watu wale walikuwa wakilishwa mahindi, na karanga zilikuwa zimekosekana katika mgawo wao. Mahindi peke yake hayatoi ya kutosha ile vitamini inayoitwa niasini, na karanga zinayo nyingi. Basi sisi watu wa bukari wa mahindi tusikie vizuri: kopo la karanga ndilo lililokosekana.

Miguu iliyovimba, miguu iliyofungwa, ngozi iliyobabuka. Tungekuwa pale, tungetafuta wachawi watatu. Nyungu ilikuwa moja.

Sasa mtatuambia: "Mashemasi, mnasema vizuri, lakini feza iko wapi?" Hatuko matajiri sisi pia. Nyama hatuioni kila juma, na samaki wa Bukama na wa ziwa Upemba wanapanda bei kila wanapokawia njiani. Kwa hiyo hatutasema juu ya nyama. Tutasema juu ya ule unga wa Elisha, yaani kitu kidogo kilichokuwa tayari nyumbani.

1. Karanga na maharagi. Feza ya kipande kidogo cha nyama inanunua karanga za siku nyingi. Zitwangwe, zitiwe katika sombe, katika matembele, katika uji wa mtoto. Zilizoota ukungu au zenye uchungu zitupwe, maana zina sumu inayoharibu maini. Msizifiche ndani ya mboga. Maharagi yalowekwe usiku kucha, nyungu ifunikwe wakati wa kupika, na makala yatatosha.

2. Mihogo. Ile michungu imenywe, ilowekwe siku tatu nzima au zaidi, mpaka imelainika yote, ndipo ianikwe. Angalieni sana wakati huu: maji yakiwa baridi mihogo inakawia kulainika, na siku tatu za wakati wa mvua zinaweza kuwa nne au tano. Msihesabu siku tu, shikeni mihogo kwa mkono. Sombe vilevile itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, nyungu ikiwa wazi mwanzoni, ili sumu itoke na mvuke.

3. Majani. Tumesikia wengine wakiona haya kula lengalenga na matembele, eti ni chakula cha maskini. Danieli na wenzake watatu waliacha meza ya mfalme wa Babeli, wakaomba mboga na maji, na baada ya siku kumi nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wengine. Sombe inajenga mwili na kulinda macho. Penye kijito au bonde lenye unyevu, limeni hata vitanda viwili vya lengalenga, mmwagilie asubuhi na jioni. Na mvua ikirudi, kausheni mboga kivulini, ili baridi ijayo isiwakute mikono mitupu.

4. Mafuta ya mawese. Yale mekundu yanaleta vitamini A, inayolinda macho na nguvu ya mtoto mbele ya magonjwa. Lakini wengi wanayaunguza katika kikaango mpaka yanakuwa meupe, wakisema ndiyo usafi. Mnachounguza ni hiyo vitamini yenyewe. Kijiko kimoja cha mafuta mekundu katika uji wa mtoto kinatosha.

5. Ndakala. Kiganja kimoja cha ndakala kilichotwangwa na mifupa yake kinaingia katika mboga ya nyumba nzima, na hakuna atakayepewa mchuzi mtupu. Viwavi vikavu vinafanya kazi hiyo hiyo.

6. Mgawo wa sahani. Hapa tunawaambia wababa wenzetu. Baba anapewa samaki, mtoto anapewa mchuzi, na mama anakula yaliyobaki. Sisi mwili wetu umekwisha kujengwa. Wao wanajengwa sasa. Na mgeni wa kanisa akifika, hata akiwa nabii, msimpikie yai ambalo mtoto mgonjwa angekula. Nabii wa kweli atalikataa.

7. Kufunga. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, mgonjwa na mtoto mdogo wasifunge. Wataomba wakiwa wameshiba, na Mungu atawasikia. Mama anyonyeshe mtoto mpaka miaka miwili akiweza, na tangu mwezi wa sita aongeze uji ulio na karanga au soya.

8. Mbabula. Baridi ikizidi, msiingize mbabula yenye makala ya moto katika chumba kilichofungwa ili mlale. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Na juu ya yote: mtoto akivimba miguu, au akikonda mpaka mifupa inaonekana, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msimjaze chakula kingi kwa mara moja nyumbani, mwili wake hauwezi kukipokea. Kule wanaanza kidogo kidogo kwa maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Sisi tutakuja kuomba huko huko, kando ya kitanda. Maombi hayakatazwi na dawa.

Ndugu wapendwa, kumbukeni jinsi kazi ya ushemasi ilivyoanza. Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Hakukuwa na ugomvi juu ya maono wala juu ya viti vya mbele. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Ndipo watu saba wakachaguliwa, wenye kujaa Roho na hekima, wahudumie meza. Basi sisi tuliosahau meza tukakimbilia ndoto, tulikuwa tumeacha kazi yetu wenyewe. Na mjane tuliyemsahau, tulimfanya pia mshtakiwa.

Yule mtoto alipona. Alikaa hospitali majuma matatu, akarudi anatembea. Sisi mashemasi tulikwenda kwa jirani alikolala nkambo, tukapiga magoti juu ya mkeka, tukaomba msamaha, kisha tukarudia maneno hayo hayo siku ya Bwana mbele ya kusanyiko lote. Hakutujibu neno siku ile. Juma lililofuata alikuja uwanjani kwa kanisa na kinu chake, akakaa chini, akauliza karanga ziko wapi.

Tangu siku ile, kila juma, kila nyumba inayoweza inaleta kopo moja: karanga, maharagi, unga wa mahindi au soya. Wamama wanatwanga, na watoto wa nyumba zilizokosa wanapewa uji, bila kuuliza ni wa kanisa gani. Makopo yamepungua tangu baridi ianze, na tunajua sababu. Lakini Elisha hakuomba gunia. Aliyekuwa na unga kidogo alileta kidogo, na nyungu ya watu wote ikapona.

Basi kabla hamjatafuta adui nje ya lupango, funueni nyungu, mtazame ndani. Na yeye aliye na kopo, asilifiche.

Bwana awabariki, abariki jiko la kila nyumba, awalinde wazee wetu na watoto wetu mpaka mvua irudi. Amina.

Sisi mashemasi wenu, Katoto, Kamina.