Heshima ya Mshindi ni ya Nani?

Katika shule moja ya sekondari ya mji wetu lipo kabati la kioo, na ndani yake vimepangwa vikombe. Vingine vimeingia kutu, vingine masikio yake yamekatika. Juu ya kila kimoja limechorwa jina la mashindano na mwaka, wala hapana jina la mtu hata mmoja. Tulipouliza ni vijana gani walioshinda vikombe hivyo, tuliambiwa kuwa waliokuwa wakijua wamekwisha kustaafu au wamekwisha kufa. Mwalimu aliyewafundisha mpira wengi katika hao tulimjua, kwani tulimzika sisi wenyewe. Makaburini alitajwa kwa ukarimu wake na kwa ujirani wake mwema, lakini hapana aliyeitaja kazi aliyoifanya kila alasiri kwa miaka mingi bila ya malipo.

Jambo hili tulilizungumza katika darsa yetu baada ya sala ya Isha, na wenzetu wakawa na rai mbili. Wako waliosema: heshima ni ya elimu na tabia njema; mwenye kupiga mpira na mwenye kukimbia hawana walichowaongezea watu, na kumsifu mtoto kwa miguu yake ni kumharibu. Na wako waliosema: vijana wetu tukiwanyima sifa sisi, wataitafuta kwa wengine, na huko hatujui wataipata kwa kufanya nini. Sisi tunaona kila upande umesema kweli katika neno moja, na umepitiwa katika neno jingine.

Hoja ya kwanza ndiyo nzito, na yatupasa tuipime kwa uadilifu. Ni kweli kwamba hapana mtu aliyejiumbia miguu yake. Wepesi ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na kumsifu mtu kwa asichokifanya ni kama kumsifu tajiri kwa mali aliyoachiwa na babake. Lakini na tuitazame hoja hii inatupeleka wapi. Mtoto aliyehifadhi juzuu nyingi chuoni tunamvisha kanzu mpya na kumtembeza mitaani (na wengine humtembeza kwa matwari, jambo ambalo leo si mahali pake), na kumheshimu kwetu ni jambo jema. Je, kuhifadhi nako si kipawa? Mara ngapi tumewaona watoto wawili juu ya mkeka mmoja, mbele ya mwalimu mmoja, huyu akashika kwa kusikia mara moja na yule akarudia mara ishirini! Basi tukisema kuwa kipawa hakistahili sifa, tumemnyima mhifadhi pamoja na mkimbiaji. Tunachokisifu kwa wote wawili ni kile alichokifanya mtu kwa kipawa alichopewa: kuamka alfajiri wenzake wamelala, kustahamili kukosolewa mbele za watu, na kurudi kesho baada ya kushindwa leo.

Tena mashindano si jambo geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aitwaye al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga, akampita. Waislamu waliona uzito sana, hata Mtume akalitambua hilo, akawajulisha kwamba ndiyo ada ya Mwenyezi Mungu: kila kinachonyanyuka hapa duniani, hukishusha. Wengi wetu tumeisikia habari hii misikitini, lakini aghlabu husomwa kwa kuonywa mwenye kibri tu. Na amtazame msomaji yule bedui. Hakulaumiwa kwa kumpita ngamia wa Mtume, wala hakuambiwa kuwa amekosa adabu. Ushindi wake uliachwa ni wake. Waliofundishwa ni wale waliozoea kushinda, nao walifundishwa kwamba kushinda hakukuwa milki yao. Kwa hivyo mtoto aweza kupewa haki yake yote ya siku ile, bila ya kudanganywa kwamba siku ile itadumu.

Sasa tutoe mfano wa nchi yetu. Iten ni mji mdogo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ipo shule ya sekondari ya St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika shuleni hapo Colm O'Connell, bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, kufundisha jiografia. Ilimu ya mbio hakuwa nayo. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mmoja Mwingereza, na huyo alipoondoka kazi ikabaki mikononi mwake. Akajifunza kwa kuwatazama wale aliokuwa akiwafundisha. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alishinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992, huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule hiyo hiyo, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Na David Rudisha, ambaye bruda huyo alimlea tangu ujana wake, alikimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na kabla yake hapana binadamu aliyepata kuandikiwa wakati mdogo kuliko huo.

Lililotupendeza zaidi katika habari ya shule hiyo ni kwamba vijana wake waliofika kileleni wamepandiwa miti yenye majina yao. Sisi hatuoni haya kujifunza jambo jema kwa asiyekuwa wa dini yetu. Mti si sanamu, wala hapana shaka ndani yake. Wataka kumwagiwa maji ungali mdogo, na atakayeumwagia ni mwanafunzi ambaye bado hajashinda kitu. Na ukisha kukua, kivuli chake humfaa hata yule asiyepata kukimbia maishani mwake. Kikombe chawekwa katika kabati na ufunguo wake hupotea.

Katika waliosoma Iten yumo Ibrahim Hussein, ambaye mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio ndefu za New York. Mwaka uliofuata alikwenda Boston. Baada ya kilomita 42 na ziada, akafika mwisho kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, na nyuma yake, kwa sekunde moja tu, akafika Juma Ikangaa wa Tanzania. Sekunde moja haitoshi kusema Bismillahi kwa utulivu. Je, ndani ya kitambo hicho mmoja alikuwa mtu bora na mwenziwe mtu duni? Ikangaa alirudi Boston mwaka 1989 akawa wa pili, akarudi tena 1990 akawa wa pili. Na katikati ya hayo, mwishoni mwa 1989, akashinda New York. Sisi hatujui ni darsa gani ya subira iliyo wazi kuliko hii kwa kijana wa miaka kumi na saba. Lakini katika siku za kutunza washindi shuleni kwetu, wa kwanza huitwa jukwaani, hupigwa picha na mgeni wa heshima, na wa pili hurudi darasani kwa mlango wa nyuma. Wa kwanza na apewe kilicho chake. Tunachouliza ni kwa nini sifa yetu ikatwe kwa sekunde, ilhali kazi waliyoifanya wote wawili ni ya miaka.

Ama mwalimu, huyo ndiye mwenye deni kubwa juu yetu na ndiye alipwaye kidogo. Mchezaji huonekana uwanjani, naye hukaa pembeni. Timu ikishinda, husemwa vijana wana vipawa. Ikishindwa, husemwa mwalimu hajui kazi. Tumewaona walimu wakinunua maji na ndimu kwa fedha zao, wakiwachukua watoto hospitali usiku, na wakimwendea mzazi barazani kwake kumwomba asimkatize kijana masomo. Hayo hayaandikwi katika kikombe chochote. Lakini heshima ya mwalimu nayo ina hatari yake, kwani akihesabiwa kwa ushindi peke yake atawatumia watoto kama mpiga makasia atumiavyo kasia. Sisi lau tungeulizwa tumpime mwalimu wa michezo kwa lipi, tungemuuliza habari za wale thelathini waliokuja kujaribu wakakosa nafasi katika timu: je, anawajua kwa majina? Yule tuliyemzika alikuwa akiwajua, na wengine aliwaozesha.

Hapa yupo atakayetuambia: mumewataja wavulana, na mabinti je? Tutataja habari ya binti mmoja wa Kiislamu wa Marekani, Bilqis Abdul-Qaadir, wa mji wa Springfield katika jimbo la Massachusetts, mji ambao mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891. Binti huyu alicheza katika timu ya shule yake ya sekondari amevaa hijabu, mikono na miguu imesitirika, na alipomaliza shule mwaka 2009 alikuwa amefunga pointi 3,070, zaidi ya mchezaji yeyote, mvulana au msichana, aliyemtangulia katika shule za jimbo lile. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Ramadhani, Rais Obama alimwalika kufuturu katika ikulu yake na kumtaja mbele ya wageni. Heshima gani kubwa kuliko hiyo kwa mwanafunzi? Lakini alipomaliza chuo kikuu na kutaka kucheza kwa kulipwa katika nchi nyingine, alikuta kanuni ya shirikisho la dunia la mchezo huo iliyozuia kufunika kichwa uwanjani. Walikuwa wakimpigia makofi, na mlango umefungwa. Kanuni ile haikubadilishwa mpaka mwaka 2017, baada ya yeye na wengine kuilalamikia kwa miaka.

Wapo wazee wetu wasiopenda mabinti kucheza mbele ya kadamnasi, na rai yao tunaiheshimu. Lakini tuwaulize: ni lipi lililo zito zaidi, binti kufunga pointi elfu tatu, au binti kuambiwa achague kati ya mtandio wake na riziki yake, naye akashika mtandio? Atakayemheshimu kwa lile la kwanza akalisahau hili la pili hakumheshimu sawasawa.

Limebaki jambo moja chungu. Katika mashindano ya shule za Kenya limekuwa jina la kawaida "mamluki": mtu mzima aliyekwisha maliza masomo, au kijana wa shule nyingine, huvishwa sare na kupewa cheti kisicho chake ili timu ishinde. Wanaofanya hivyo si watoto. Ni wakubwa, na wakati mwingine wazazi hujua wakanyamaza kwa kupenda kikombe. Abdallah bin Umar alitaka kutoka siku ya Uhud naye ni wa miaka kumi na minne, Mtume akamrudisha. Akaja siku ya Handaki naye ni wa miaka kumi na mitano, akamkubali. Hapo palikuwa pahali pa kufa na kupona, na watu walikuwa wakihitajika, na hata hivyo umri haukubabaishwa. Na ni huyo huyo Ibn Umar aliyetuhadithia juu ya mbio za farasi za Madina, naye alikuwa mmoja wa washindani: farasi waliozoezwa walipewa masafa yao marefu, na wasiozoezwa walipewa masafa yao mafupi. Hawakuchanganywa. Shule inayompanga mtu wa miaka ishirini na mitatu na watoto imeiacha sunna hii, hata ikifungua mchezo kwa dua ndefu.

Wala mtu asidhani kwamba jina la Kiislamu lamkinga mwenyewe na udanganyifu. Rashid Ramzi alishinda mita 1,500 kwa jina la Bahrain katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kisha ikaonekana katika damu yake dawa iliyokatazwa, akapokonywa nishani. Nishani ile akapewa Asbel Kiprop wa kwetu Kenya, naye mwaka 2019 akafungiwa miaka minne kwa dawa ya namna hiyo hiyo. Tukawa tumeishangilia heshima moja mara mbili. Kwa ajili hii rai yetu ni kwamba kijana wa shule asijengewe jina kubwa angali mchanga, akasamehewa mitihani, akasamehewa adabu, na akasamehewa sala kwa sababu mechi imekaribia. Na atajwe, apewe mkono, aandikwe jina lake na jina la mwalimu wake na majina ya wenziwe wote hata waliokaa akiba, kisha arudi darasani pamoja nao.

Na kwa kuwa maneno yasiyo na tendo ni mepesi, tumekwisha kumwomba mkuu wa shule tuliyoitaja mwanzo, naye ameridhia, tutengeneze ubao wa mbao ngumu utakaowekwa kando ya lile kabati. Fundi ameshapatikana. Majina ndiyo yaliyokosekana. Mtu yeyote aliyecheza katika timu zile, au aliyecheza ndugu yake, au mwenye picha ya zamani hata ikiwa imeliwa na mende, tunamwomba atuletee baada ya Isha siku yoyote ya darsa. Jina moja tu ndilo tulilo nalo mpaka sasa, nalo ni la yule mwalimu.