Amana ya Utoto

Utoto ni milki ya nani: ya mtoto mwenyewe, ambaye bado haijui thamani yake, au ya mzazi, ambaye anaijua vema na kwa ajili hiyo aweza kuiuza? Maulamaa wa fikihi, walipoeleza hukumu za mali ya asiyebaleghe, waliligusa swali hili kwa upande wa fedha. Lakini upande wake mzito zaidi nauona katika maisha ya Shirley Temple, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye alipokuwa na miaka 7 tu alikuwa amekwisha kuwapita waigizaji wote wa nchi ile kwa kuyajaza majumba ya sinema.

Kazi aliianza na miaka 3. Katika kitabu cha maisha yake amesimulia kwamba watoto waliokaidi walifungiwa katika kisanduku cheusi kisicho na dirisha, ambamo hapakuwa na pa kukalia ila bonge la barafu. Nyumbani, mama yake alimsokota nywele pete 56, wala si 55. Kampuni ya filamu nayo ikampunguzia umri mwaka mzima, hata siku aliyodhani anatimiza miaka 12 akaambiwa kuwa ni 13.

Ujira wake, uliozidi dola milioni 3, ulisimamiwa na baba yake, mtu wa benki, na binti alipokuwa mtu mzima alikuta zimebaki dola 44,000 hivi. Ameandika kwamba hakuona hasira. Basi, kwa upande wa mali, shauri limekwisha, maana mwenye haki akishabaleghe ana hiari ya kusamehe. Lakini yule aliyekalishwa juu ya barafu alikuwa na miaka 3, na sijui ni kwa wakala gani mama wa makamo, mwenye heshima zake, humsamehea mtoto yule ambaye hakuulizwa neno.

Watu hunijibu kwamba mambo yaliishia kheri: aliacha filamu mwaka 1950, akawa balozi wa nchi yake nchini Ghana tangu 1974, na baadaye Chekoslovakia. Ni kweli, na ubalozi si jambo dogo. Lakini Bobby Driscoll, mtoto aliyetunukiwa Oscar mwaka 1950 kama Shirley alivyotunukiwa mwaka 1935, alikufa fukara mjini New York mwaka 1968, akiwa na miaka 31, maiti yake ikaokotwa katika jumba lililohamwa na kuzikwa pasipo kujulikana jina. Tukihukumu kwa matokeo, itatubidi tuseme kwamba kuuza utoto kulikuwa halali kwa Shirley na haramu kwa Bobby, kauli ambayo kadhi yeyote angaliikataa kabla hata ya kufungua kitabu.